Alhamisi ni ya Nani? Hotuba ya Siku ya Kina Juma

Maneno haya niliyasema jioni moja mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mbele ya watu waliokalia kreti za soda na wengine waliokalia magunia ya dagaa niliyokwisha kuwakataza. Nimeombwa niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, isipokuwa pale kipaza sauti kilipokata nikabaki nachezesha midomo.

Mgeni rasmi, bibi yetu Mwajuma, mwenyekiti wa mtaa, ambaye wewe si Juma lakini kibali kimepitia kwako, wazee wangu, kina mama wa dagaa, wavuvi mliopo nchi kavu leo kwa amri ya mwezi, kina Juma wote, wa siku nyingi na mliokumbuka leo mchana, baada ya harufu ya sato kufika barabarani, kwamba babu yenu naye aliitwa Juma, na ninyi kina Hamisi mliosimama kule nyuma mmekunja mikono. Mwadila! Itifaki imezingatiwa.

Kwanza tangazo. Ule utani wa kuita "Juma!" ili uwanja mzima ugeuke umeshafanyika mara nne tangu mchana, na mara ya nne mzee wa watu amejimwagia chai. Yatosha.

Bibi Mwajuma ameombwa aseme machache akajibu kwamba yeye amekuja kula. Kwa hiyo mzigo umeniangukia mimi, Juma Karani, ninayeandika magunia hapa mwaloni, na nitajitahidi kuwa mfupi kadiri karani anavyoweza.

Wapo wanaouliza sikukuu hii imeandikwa wapi. Haijaandikwa popote. Serikali haiijui, kalenda haiijui, na benki kesho mtazikuta wazi kama kawaida. Ni Alhamisi ya mwezi wa tisa iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, basi. Sababu ya mwezi mnaijua ninyi wavuvi, ila hawa wa mjini niwaeleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana za sola, lakini kazi ni ileile: dagaa huufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa limewashwa taa moja kubwa isiyonunuliwa betri, na dagaa hawana haja tena na ya kwako. Mitumbwi hupumzika. Ukitaka kuwapata kina Juma wa mwaloni wote mahali pamoja, wamelala wakaamka, wamevaa mashati, ngoja mbalamwezi.

Sasa kwa nini Alhamisi? Hapo ndipo penye kesi, na kina Hamisi wamekuja kuisikiliza.

Ilianza kwa kosa, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na deni la barafu, shilingi 180,000, la yule tunayemwita Juma Barafu. Nikaketi pale kwenye mizani, nikachukua simu, nikatafuta "Juma", nikabonyeza. Simu ikaniuliza kwa adabu: unatuma kwa JUMA JUMA, ni sawa? Nikajisemea, nani mwingine duniani awe Juma tena baba yake Juma? Sawa. Nikaweka namba ya siri. Hela ikaenda.

Nusu saa baadaye Juma Barafu amesimama mbele yangu, maji yanamchuruzika mabegani, anauliza hela iko wapi. Nikamwonyesha ujumbe. Akausoma, akatoa simu yake, akanionyesha haina kitu. Tukaangalia namba pamoja. Ilikuwa ya fundi viatu wa Igoma aliyenishonea kandambili za ngozi mwaka ule, naye nilikuwa nimemhifadhi kwa jina la Juma. Naye baba yake ni Juma.

Ninyi mnajua hela iliyokosea njia huwa inaishia wapi. Kabla sijapiga, simu ikaita. Sauti ikasema, "Mzee shikamoo. Mimi ni Juma, lakini nadhani si Juma wako."

Nimeishi miaka mingi na jina hili, sijasikia sentensi iliyolieleza kuliko hiyo.

Yule kijana hakutaka kurudisha kwa simu. Alisema vidole vimeshakosea mara moja, visijaribiwe tena. Akaitoa kwa wakala, akapanda daladala, akaja hapa na noti mkononi pamoja na kipande cha karatasi alichoandika makato ya kutolea na nauli ya kuja na kurudi, kila kitu kwenye mstari wake. Mimi ni karani, nilikikagua. Hesabu ilikuwa sahihi. Tukaagiza sato, tukakaa watatu: Juma wa hela, Juma wa barafu, Juma wa kosa. Akaja na wa nne ambaye hakuna aliyemwita, Nahodha Hamisi yule pale, akanawa, akavuta ugali upande wake, na kabla hajameza akasema, "Leo Alhamisi. Siku pekee ambayo haina jina lenu, na ndiyo mmekutana."

Tukanyamaza tukahesabu kwa vidole. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hizo tano ni zetu mwanzo wa neno hadi katikati. Ijumaa ndiyo shina lenyewe. Juma ni mtoto wa Ijumaa, na hata wiki nzima kwa Kiswahili inaitwa juma. Halafu katikati ya ukoo wote huo amekaa mgeni mmoja, Alhamisi, kama mpangaji katika nyumba ya familia.

Kuna maelezo yake. Ijumaa kwa Kiarabu ni siku ya kukusanyika, na Mswahili akaanza kuhesabu baada ya swala ile: siku ya mosi, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Ndiyo maana Jumatatu, ambayo ofisini huitwa siku ya kwanza ya kazi, yenyewe inasema waziwazi kwamba ni ya tatu. Alipofika kwenye ya sita, hesabu ikamchosha, akaliacha jina la Kiarabu kama lilivyo. Na khamsa ni tano! Kwa hiyo juma letu lina tano mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, na sita halina. Mimi ningeandika daftari la magunia hivyo ningefukuzwa kazi.

Pale pale kwenye sahani tukaamua: siku yetu iwe hiyo isiyo na sisi. Hizo nyingine sita si tunazo tayari? Kusherehekea kina Juma siku ya Jumamosi ni kama kumtambulisha mtu nyumbani kwake.

Nahodha Hamisi akaacha kutafuna. Ndipo alipogundua amesema nini.

Kesi yake, niieleze kwa haki kwa sababu anasikiliza, ni hii. Kina Hamisi wana siku moja tu katika saba. Sisi tuna sita. Sasa mwenye sita amekuja kuomba na ile moja, kama mwenye ng'ombe mia anayechungulia zizi la jirani mwenye mbuzi. Mwaka wa kwanza hakuja. Mwaka wa pili alikuja akala, akasema amekuja kama shahidi. Mwaka huu amekuja na wenzake kumi na mmoja, na nawaona kina Mwanahamisi wawili. Hoja ina uzito. Nitairudia kabla jua halijazama, nimeahidi.

Lakini niwaambie kwanza kina Hamisi, kuwa na siku sita si raha kama mnavyodhani.

Darasani kwetu tulikuwa kina Juma wanne. Mwalimu, Mungu amrehemu, hakuwa na muda wa majina ya baba zetu, maana mmoja wetu baba yake alikuwa Juma pia. Akatupa namba. Juma wa kwanza, Juma wa pili, Juma wa tatu, na mimi Juma wa nne. Mnaona inakoelekea. Wiki ya pili alikuwa ananiita kwa mkato. Tatizo ni kwamba dawati la nyuma yangu alikaa mtoto anayeitwa Jumanne, Jumanne wa kweli, wa kuzaliwa, mpole ajabu. Nikipiga kelele, mwalimu bila kugeuka ubaoni anasema, "Jumanne, ndoo mbili!" Na Jumanne anainuka, anachukua ndoo, anakwenda ziwani kuchota maji ya bustani. Nami nafuta ubao. Ilichukua muhula mzima mwalimu kugundua, na sikuwa na haraka ya kumsaidia.

Jumanne huyo yupo hapa leo, amekaa karibu na mti. Kamati ilibishana kama watu wa Jumanne na Jumapili wanahesabika kuwa ni kina Juma. Wengine wasubiri mwakani, ila yeye ameingia kwa fidia, na kichwa cha sangara kilichopo kwenye ule mchuzi ni chake chote. Nasema chote.

Na daftari langu! Mwenyekiti, siku moja njoo ulione. Ukurasa mmoja wa magunia una kina Juma saba, na kila mmoja nimempa mkia. Juma Barafu mnamjua. Juma Injini anatengeneza mashine za boti. Juma Kongo hajawahi kukanyaga Kongo, ni dagaa wake ndio waliofika. Juma Mrefu ni mfupi, msiniulize, nililikuta jina lipo. Juma Deni alimaliza kulipa mwaka juzi, nimejaribu kumwandika Juma Alhamdulillahi lakini halikushika, watu wakisikia wanauliza, "Yupi? Deni?" Jina la kwanza mzazi anakupa mara moja, kisha unalikuta limekaliwa na wenzako, na lile la pili unapewa na mwalo, ukiwa mkubwa, bila kuulizwa.

Kina Juma waliotoka wakaonekana wapo, nami lazima niwataje, ndiyo heshima ya siku. Juma Ikangaa alikimbia marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Brisbane mwaka 1982 akapitwa kwa sekunde 12 tu na Robert de Castella wa Australia. Mwaka 1989 akaenda New York akashinda, saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nalitaja hilo makusudi kwa sababu kuna Juma hapa leo ametoka Nyakato kwa saa mbili na dakika kumi, na Nyakato si kilomita 42. Yupo Juma Kaseja aliyelinda lango la Taifa Stars. Na alikuwepo marehemu Balozi Juma Mwapachu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2011. Juma katika Jumuiya! Wengine walikiona ni cheo, mimi nikaona mtu amerudi kwao. Maana Ijumaa, jumuiya, jamii, jamaa, na ule ujamaa tuliotangaziwa Arusha mwaka 1967, vyote vimechipuka katika shina moja la Kiarabu, la kukusanya. Ukimwita mtu "jamaa" umemwita binamu yangu.

Lakini tazama mazingira tuliyomo. Hili ziwa lina jina la Victoria. Speke alifika upande huu mwaka 1858, akaliona, akampa malkia wake, na malkia huyo hakuwahi kuja hata kuosha miguu. Lile jiwe lililosimama majini pale, ambalo kila mgeni hupiga nalo picha, ni Jiwe la Bismarck. Naye hakuja. Kina Juma wameogelea chini ya jiwe hilo tangu utotoni, wamefua pale, wamevua pale, wameachwa na wachumba pale. Hakuna hata kokoto iliyoandikwa Juma.

Wenye bahati ni kina Saanane. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mkazi wa kisiwa kile, kikachukua jina lake, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Yaani jina lisilofika hata siku moja, linasomeka saa nane tu, lina hifadhi na swala pala wake, na sisi wenye siku sita hatuna pa kufunga mbuzi. Kwa hiyo, mwenyekiti, natangaza kwamba jiwe lililo nyuma ya nyumba yangu Igogo, lile kubwa lenye ufa, kuanzia leo ni Jiwe la Juma. Sihitaji kibali, liko upande wangu wa uzio. Mbuzi wa jirani hulala juu yake na wataendelea kulala.

Naona jua. Nirudi kwenye kesi ya Hamisi.

Kijana mmoja amenikumbusha kwamba Jaji Mkuu wetu mstaafu anaitwa Profesa Ibrahim Hamis Juma. Anasema basi hukumu ipo: Hamis na Juma wamekaa jina moja, bega kwa bega, na wamefika juu kabisa ya Mahakama bila kugombana. Ni hoja nzuri, lakini kina Hamisi wamewahi kunijibu kwamba katika jina hilo Hamis ametangulia.

Basi nitatoa ushahidi ambao sijawahi kuutoa, na Bibi Mwajuma ndiye shahidi wangu, maana ni dada wa marehemu mama yangu.

Mama alishikwa na uchungu Alhamisi asubuhi. Baba, mtu wa kupanga mambo mapema, akawaambia majirani wote kwamba akizaliwa wa kiume ni Hamisi. Saa sita mchana hakuna mtoto. Saa tisa hakuna. Baba akakaa nje na jina lake. Jua likazama, watu wakaswali magharibi, na mimi nikaja saa mbili za usiku. Kadi ya kliniki imeandikwa Alhamisi, ninayo. Baba akaingia na furaha, "Karibu Hamisi." Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa ameshika kitambaa, akamtazama akasema, "Hamisi gani? Jua limeshazama. Huu ni usiku wa Ijumaa."

Hiyo ndiyo hesabu ya wazee wetu, vijana mnaisahau. Saa ya kwanza inaanza giza linapoingia, na siku nayo hivyohivyo; usiku hutangulia, mchana hufuata. Mtu wa simu anasema Alhamisi usiku. Bibi yangu alisema usiku wa Ijumaa, na hakuwa mtu wa kubishana naye. Alikuwa Msukuma, kwao mtoto huitwa kwa kile alichokuta: aliyekuta mvua, mbula, ni Mabula akiwa wa kiume na Kabula akiwa wa kike, pacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Akasema huyu hakukuta mvua na hakumfuata mtu, amekuta Ijumaa. Juma.

Kwa hiyo Nahodha Hamisi, kaka yangu, ningeharakisha kidogo tu, saa mbili hivi, leo ningekuwa nimesimama kule nyuma na wewe nimekunja mikono.

Nimeyafikiria haya mwaka mzima nikiandika magunia, na kamati imekubali, kwa kura ya kina Juma wote dhidi ya Juma Deni, ambaye hupinga kila kitu. Alhamisi ya mchana ni ya kina Hamisi, kihalali, toka alfajiri hadi jua kuzama, na wenye siku ndio wenyeji. Mwenyeji hupika, mwenyeji huosha vyombo. Jua likishazama siku imegeuka, tunaingia sisi. Tunakaa, tunapakuliwa, na mbalamwezi ni yetu hadi atakayesinzia. Mwakani mkiona mmepunjika, leteni malalamiko kwangu kwa maandishi, nitayaandika daftarini chini ya jina Hamisi, na sitawachanganya, nyie ni wachache.

Wabeja sana kwa kunisikiliza. Bibi Mwajuma, sahani yako inakuja, umeshasema mara tatu. Jua lile pale limegusa vilima vya upande wa Sengerema. Nahodha, una kama robo saa. Ile sufuria ya pili ina ukoko. Ukiiacha hadi giza liingie, sisi tutasema tumeikuta hivyo.